Hodi ya Kitabu cha Tano

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, mwaka elfu mbili ishirini na tano, kwenye ukumbi wa mtaa pale Nyakato, Musoma, pilau ikiwa jikoni. Wanaonijua watabisha. Watasema mambo yako, Magesa, yaliharibika mwezi wa pili, mkeo Tabitha alipofariki. Tabitha alichukuliwa na Mungu, akisaidiwa na hospitali moja ambayo mashine yao ilikuwa mbovu na fundi wa mashine yuko semina. Mungu sina namna ya kumwita kwenye kikao. Ile Jumamosi ilikuwa kazi ya kamati ya klabu ya kusoma, na kamati nawajua kwa sura, najua wanakokaa, najua na wanavyokula.

Nianze na vitabu vyenyewe, maana bila hivyo utaniona mwehu.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Naweza kusoma bango la barabarani na jina langu kwenye kadi, lakini ukurasa mzima unanichosha kama kulima na jembe lililopasuka mpini. Tabitha alifika la saba, akafaulu, wakamwambia nafasi zimeisha. Nafasi aliipata binti wa mkubwa mmoja aliyekuwa hajui hata kuhesabu vidole vyake. Kwa hiyo nyumbani kwetu msomaji alikuwa yeye. Jioni mimi nashona viatu vya watu kibarazani, yeye anakaa kwenye kigoda na kitabu cha klabu, anasoma kwa sauti. Nilikuwaga namwambia, soma cha maana basi, soma Biblia au soma bei ya pamba. Ananiambia nyamaza ushone.

Kilichokuwa mkononi mwake kinaitwa Ziwa la Chini. Siyo kitabu, ni vitabu. Kimoja kinakatikia katikati ya jambo, unalazimika kutafuta kingine, na hicho nacho kinakatika, kama kesi ya ardhi. Humo wanasema chini ya ziwa letu hili kuna ziwa lingine, lina mji wake na soko lake, na watu wa huko wanachunga viboko kama sisi tunavyochunga ng'ombe. Wanawakamua. Wanawatoa mahari. Kitabu cha kwanza nilikicheka chote. Mtu mzima na akili zake anakaa kwenye kiti anaandika maziwa ya kiboko!

Ila kulikuwa na mfalme, Mfalme Domo. Mfalme huyu alikuwa na siku yake kila mwaka, na Tabitha alipoifikia akasoma: "Siku ya kura ilipofika, watu walipanga foleni tangu alfajiri. Kila mmoja akatoa jina lake, mfalme akarimeza. Wakarudi makwao bila majina, na wengine hata nyumba zao hawakuzitambua."

Nikaacha sindano ndani ya kiatu.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Siku ya kura?"

"Ndivyo imeandikwa, baba."

"Huyu mwandishi anatujua," nikasema. "Huyu alishafika Mara huyu. Watu wanapanga foleni, wanatoa majina, mkubwa anayameza, wanarudi nyumbani hawana kitu. Wamemwacha vipi hai?"

Tangu jioni hiyo sikusema tena habari ya Biblia wala pamba. Viboko nikawavumilia kwa sababu ya mfalme. Nilimwambia kila mteja aliyeleta soli yake kwamba kuna kitabu kimesema ukweli wote kuhusu wakubwa, kimejificha tu chini ya maji ili wasikione.

Sasa humo kuna mwanamke, Nyangeta, mke wa mchunga viboko aitwaye Sabure. Mwanamke huyu akachoka kuona watu hawana majina, akasema atakwenda kwa mfalme kuyadai. Kitabu cha nne kinaishia hapo: Nyangeta amepita kwenye mlango wa matete, ameingia tumboni mwa Mfalme Domo kwa miguu yake mwenyewe, na Sabure amebaki nyumbani na ugali unaopoa.

Tuligombana na Tabitha juu ya huyo mwanamke wiki nzima.

"Atarudi," anasema.

"Nani alishawahi kwenda kudai haki kwa wakubwa akarudi?"

"Nyangeta atarudi. Wewe bisha tu. Kitabu cha tano kitakuumbua."

"Hakitaniumbua."

"Kitakuumbua, tena mimi ndiye nitakayekusomea, nitasoma porepore."

Kitabu cha tano kilikuwa hakijafika klabu. Akaumwa kabla hakijafika. Ndiyo shida yangu yote hiyo, wala haina siri: nilitaka kujua kama Nyangeta alirudi. Maisha yangu yote sijawahi kutamani kuumbuliwa isipokuwa hapo.

Tulimzika kwetu Butiama, mimi nikarudi Nyakato, nikafunga mlango. Mlango wenyewe unakwamaga chini. Tabitha alikuwaga anausukuma kwa nyonga, ndoo kichwani, hasemi neno, unasikia tu mbao inalia kwenye sakafu unajua mwenye nyumba ameingia. Sasa wakaanza watu wa hodi. Jumuiya ya kanisani, hodi. Majirani, hodi. Mwenyekiti wa mtaa naye, hodi, na mchango wake wa maneno. Sikufungua. Anayepiga hodi siye niliyekuwa namsikilizia.

Mwezi wa tano mama Lukresia, yule anayetoa sato Nyegina kuwauza sokoni kwetu, akaleta kandambili ya ngozi imekatika. Akaniambia, "Mzee Magesa, kile kitabu cha marehemu kimefika. Cha tano. Nimekiona kwa macho yangu kwenye kabati la klabu."

Ndivyo nilivyojiunga na klabu ya kusoma kwa sauti, mimi, na miaka yangu hii.

Klabu ina mwenyekiti, Bwana Baltazari, mtendaji wa kata mstaafu. Mtu wa Mugeta, hukohuko kwetu Mara. Alistaafu kazi lakini mdomo haukustaafu. Hata akikusalimia unajisikia umeitwa kwenye mkutano wa hadhara. Ina katibu, Madam Scholastika, ambaye kila sentensi yake ina Kiingereza ndani kama mawe kwenye mchele. Wanachama wengine ni watu: mama Lukresia, kijana Enoka wa bodaboda, kina mama wa soko. Kitabu ni nakala moja, siku hizi hakiazimwi, kinakaa kwenye kabati, ufunguo anao mwenyekiti. Wanakaa kwenye duara, mmoja anasoma, wengine wanasikiliza. Msomaji alikuwa Esther, binti wa upande wa Mwanza, fundi cherehani, sauti nzuri, ulimi umenyooka.

Walikuwa bado wanamalizia cha nne. Nikakaa, nikavumilia. Esther akafika pale: "Siku ya Kula ilipokaribia tena—"

"Kura," nikamsahihisha.

"Kula, baba."

"Binti, mimi nimesomewa vitabu vyote vinne. Ni siku ya kura. Watu wamepanga foleni tangu alfajiri. Nani anapanga foleni kwenda kuliwa?"

"Sisi wote, Mzee Magesa," mama Lukresia akasema, na duara zima likacheka.

Madam Scholastika akainuka. Akachukua kitabu kutoka kwa Esther, akanijia nacho mpaka hapa puani, akaweka kidole chenye rangi nyekundu juu ya neno. "Soma, mzee wangu. Herufi ya tatu hapo ni nini?"

Nikaangalia. Ilikuwa L. Imesimama hapo kama askari wa mgambo.

"Sijakusikia, mzee."

"L," nikasema.

"Thank you. Siyo vibaya, tunajifunza. Nyie wa huko kwenu L na R ni kitu kimoja. Kwa hiyo weka note kichwani: ukimsikia mtu wa kwenu anasema kura, yeye anamaanisha kula. Tuko pamoja?"

Huko kwetu L na R ni mtu na mdogo wake, ukimwita mmoja anaitika mwingine, na hatujawahi kufa kwa hilo. Tabitha hakukosea. Jicho lake liliona L, mdomo wake ukatoa ulichonacho. Mimi ndiye niliyesikia foleni na majina na mkubwa anameza, nikafikiri kura. Sasa niambie, nilifikiri vibaya?

"Mpiga chapa amekosea," nikasema. "Na hata kama hakukosea, tofauti iko wapi?"

Enoka akapiga makofi. Madam akasema order, order. Lakini note yake niliiweka kichwani, kama alivyoagiza. Mkumbuke hilo, kwamba nilifundishwa, tena mbele za watu, na kiongozi.

Ndipo ikaja ile Jumamosi.

Kitabu cha nne kilikuwa kimeisha. Cha tano kiko kwenye kabati, nimekiona, jalada lake lina mlango katikati ya maji. Kumbe kamati imekaa pembeni ikaamua watu wapige kura ya kusoma nini baadaye. Baltazari akasimama, shati la mikono mirefu limefungwa mpaka shingoni.

"Ndugu wanachama. Tumesoma viboko vitabu vinne. Viboko wametusaidia nini? Wenzetu wanasoma vitabu vya maendereo. Mimi na kamati yangu tunapendekeza kitabu kimoja kizuri sana." Akakiinua. Kinaitwa Amka Saa Kumi Uwe Bosi. Jalada lake lina mwanaume aliyevaa suti, amekunja mikono, anacheka bila sababu.

"Mimi naamka saa tisa kwenda kuchukua samaki," mama Lukresia akasema. "Ubosi wangu umeishia wapi?"

"Mama Rukresia, nyoosha mkono."

"Nimeunyoosha tangu mwaka juzi."

Tukahesabiana kwa macho. Upande wetu tulikuwa wengi: kina mama wa soko, Enoka na mwenzake, mimi. Hata Esther aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba usihofu, cha tano kinapita, naanza kukisoma leoleo." Nikasikia kitu kifuani ambacho nilikuwa sijakisikia tangu mwezi wa pili. Sikipi jina. Mfalme angekimeza.

Pilau ilikuwa ya mwenyekiti. Inapikwa nje, nyuma ya ukumbi, na harufu ya binzari inapita dirishani inakaa mapajani mwa watu. Baltazari akahutubia mpaka jasho likamtoka. Mwisho akakunja karatasi yake, akatazama saa, akasema:

"Haya ndugu zangu. Nisiwachereweshe. Wakati umefika. Sasa ni kura."

Huyu ni mtu wa Mugeta. Mdomo wake na wangu ni mdomo mmoja. Na mimi nilikuwa na note kichwani.

Nikasimama. "Twendeni," nikawaambia wenzangu, "mwenyekiti amesema kula."

"Una hakika, mzee?" Enoka akauliza.

"Kijana, nimefundishwa hapahapa. Mtu wa kwetu akisema kura, ni kula."

Nani angebisha? Harufu iko pale, saa imekwenda, mzee mzima amesimama. Wakanifuata. Upande wetu wote ulitoka, viti vikalia, mama Lukresia mbele na sahani yake aliyoitoa kwenye mfuko. Baltazari alituona. Sisemi hakutuona. Mtu aliyeona kondoo wake wanatoka kwenye zizi anasema neno. Yeye alitoa kitambaa akafuta shingo.

Nilikuwa nimefika kwenye mnofu wa kwanza Esther alipokuja mbio mlangoni, mikono kichwani. "Baba Magesa! Wanapiga kura huku!"

Tukaingia na sahani mkononi. Mikono ya wale waliobaki, jamaa wa kamati, ilikuwa inashuka. Madam Scholastika anaandika.

"Imepita," akasema. "Amka Saa Kumi imepita unopposed, ukimtoa Esther."

"Imepitaje na sisi tuko nje?" Enoka akauliza, mchele shavuni.

"Mlitoka wenyewe. Aliyetoka wakati wa voting amejiondoa."

"Tulikuwa tunakula!"

"Ndiyo hivyo, mdogo wangu. Mmekula kura yenu."

Kamati ikacheka. Mama Lukresia akaweka sahani chini, akamtazama mwenyekiti kama anavyomtazama samaki aliyelala. "Baltazari, wewe mtoto wa watu. Umesema kura au umesema kula?"

"Nimesema kura."

"Ipi?"

"Kura!"

"Hata yeye hajui," mama Lukresia akatuambia sisi.

Nikamfuata Baltazari mpaka kwenye kabati. Nikamwomba, na mimi kuomba siyo kazi yangu. Nikamwambia nipe hicho cha tano siku chache tu, Esther atanisomea dukani kwake. Akafungua kabati, nikafikiri moyo wake umelainika. Akakitoa, akakiweka kwenye boksi na vile vinne, akafunga boksi kwa gundi ya karatasi. Kumbe ilishapangwa: vya viboko vinakwenda klabu ya Bunda, Bunda wanatoa vitabu vya mabosi. Gari lilikuwa nje tangu asubuhi. Yaani gari lilikuja kuchukua matokeo ya kura kabla ya kura.

"Utaratibu, Mzee Magesa," akasema. "Tusivuruge utaratibu."

Marehemu mke wangu alikuwaga anamsifia huyu mtu kwamba ana mwandiko mzuri.

Wiki tatu baadaye nikaenda Bunda. Bunda naijua, nimeacha ujana wangu huko, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kabla wakubwa hawajakaa wakakijadili mpaka kikafa. Nilipita getini. Kufuli lina kutu, majani yamefika kifuani, mlinzi yupo. Wameondoa pamba, mashine na watu, wakabakiza mlinzi. Nilimuuliza analinda nini. Akasema hajaambiwa.

Klabu ya Bunda inaongozwa na mwalimu kijana, Gibson, ana miwani na adabu. "Shikamoo mzee wangu," akasema, akanipa kiti chenye mgongo. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Adabu ikaninyima pa kuanzia. Nikamweleza nimetoka Musoma kwa ajili ya Nyangeta.

Uso wake ukawaka kama amemsikia shangazi yake. "Umefika wapi, mzee?"

"Ameingia tumboni."

"Aa! Basi una uhondo mbele yako. Sisi cha tano tumekimaliza ndani ya wiki. Kaa hapa Bunda, nitakusomea kila jioni, kina kurasa karibu mia nne."

"Nisomee mwisho."

"Mwisho? Mzee, utajiharibia."

"Mwalimu, mimi nilishaharibiwa. Soma mwisho."

Tabitha angenipiga na kitabu chenyewe. Mtu anayeruka kurasa alikuwaga anamwita mwizi. Lakini yeye alisema atasoma polepole, na hakusoma, kwa hiyo na mimi niliona nina haki ya kuruka.

Gibson akafungua nyuma. Akasoma vizuri, sikatai. Mfalme Domo ametapika. Majina yametoka yanaelea juu ya maji kama dagaa waliokufa, watu wanayaokota, wengine wanaokota yasiyo yao na kwenda nayo hivyohivyo. Nyangeta hajulikani alipo. Wapo wanaosema alitoka na majina, wapo wanaosema mfalme alitapika vyote isipokuwa yeye. Sabure yuko ndani ya nyumba yake, sahani ya ugali iko mbele yake, mvua inanyesha. Halafu Gibson akapunguza sauti:

"Nje, mtu akasema: Hodi."

Akafunga kitabu.

Nikangoja. "Endelea."

"Ndiyo mwisho, mzee."

"Mwisho wa ukurasa."

"Wa kitabu."

"Haya, lete cha sita."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mtu akifanya hivyo ujue anakwenda kukuambia kwamba fundi yuko semina. "Cha sita hajaandika. Watu wanangoja mwaka wa nane sasa. Kila mwaka anasema mwakani."

Nilicheka mpaka akaniletea maji. Mwandishi naye ni mkubwa tu! Ameahidi, watu wamepanga foleni, wamempa macho yao na jioni zao, amemeza, amekwenda kulala. Na mimi nilimwita mtu anayetujua. Anatujua kweli, ndiyo maana.

"Lakini inaeleweka," Gibson akasema, anajaribu kunipoza. "Ni Nyangeta huyo. Klabu yetu yote tunakubaliana. Amerudi."

"Nyumba ni ya nani?"

"Ya kwao. Yake na Sabure."

"Wewe mwalimu umeoa?"

"Ndiyo, mzee."

"Mkeo akirudi kutoka bombani anapiga hodi?"

"Hapana."

"Nani anapiga hodi kwenye nyumba yake? Hodi ni ya mgeni. Hodi ni ya mwenyekiti wa mtaa. Huyo siyo Nyangeta. Huyo ni mfalme amekuja kumalizia, na adabu yake ya uongo."

"Lakini mzee, kumbuka alimezwa. Jina limetoka, hajui yeye ni nani. Amefika mbele ya nyumba, miguu inamwambia ni hapa, kichwa kinakataa. Hawezi kuusukuma mlango. Atafanya nini zaidi ya kupiga hodi?"

Hilo sikulipenda. Sikulipenda kwa sababu lilikuwa na maana, na lilikuwa limetoka kwa mtu mwenye miwani.

Akafikiri ameshinda, akanipeleka kwenye rafu yake. "Sasa mzee tukuchagulie cha kusoma wakati tunangoja. Huu hapa ni mfululizo wa nyoka wa milimani, umekamilika, vitatu tu. Au huu wa mji wa mawe yanayoongea. Huu nao—"

"Mwalimu."

"Naam."

"Hata matanga ya huyu hatujamaliza, wewe unaniposea mwingine?"

Akarudisha kitabu cha nyoka mahali pake, polepole. Kijana mzuri. Atakuwa mkubwa siku moja, ataharibika.

Wakati wa kurudi sikunyoosha Musoma. Nikashuka njia ya Butiama, nikaangalie kaburi kama mbuzi wa watu wameliacha. Wegesa, mdogo wake Tabitha, anakaa hapo karibu. Nilimkuta anaanika muhogo juu ya mawe, ameinama, mgongo wake uleule wa dada yake. Hakuacha kazi. Alinisogezea kwa mguu jiwe la kukalia.

"Shemeji, umekumbuka kuna watu huku?"

"Nimetoka Bunda."

"Bunda kuna nini?"

Nikamweleza. Wegesa hajui kusoma hata A, lakini vitabu vyote vinne alikuwa navyo kichwani, Tabitha alikuwaga anamsimulia kila alipokuja. Nikamwambia habari ya Baltazari na pilau, akacheka mpaka muhogo ukamdondoka. Nikamwambia mfalme ametapika, akasema ahaa. Nikamwambia Sabure ndani, ugali, mvua, halafu hodi, halafu basi. Nikamweleza hoja yangu na hoja ya mwalimu, yangu nikaisema mara mbili. Nikamwambia mwandishi ni mwizi, kamati ni wezi, klabu za kusoma zote zifungwe.

Yeye akawa anapanga muhogo, kipande kwa kipande. Halafu akasema, bila kuniangalia:

"Mwezi wa tatu mimi niripiga hodi kwako."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu. Nirikuja na unga. Nikapiga hodi mpaka majirani wakatoka. Nirikuwa nasikia unakohoa ndani."

"Sikujua ni wewe."

"Utajuaje na hujafungua?"

Ningemlaumu mtu lakini pale palikuwa na mawe na muhogo tu, hakuna kiongozi hata mmoja. Nikaokota kipande cha muhogo nikakigeuza upande wa jua.

Wegesa akanyoosha mgongo, akajifuta mikono kwenye kanga, akanitazama.

"Sasa shemeji, achana na nani yuko nje. Huyo Sabure arifungua?"